Kisigino na Kaburi la Mstari wa Kati

Mume wangu haingii mahali bila kugonga sakafu kwa kisigino. Benki, hospitali, sebuleni kwa watu, popote. Anapiga hatua mbili, anasimama, anagonga mara tatu, anainamisha kichwa kusikiliza, ndipo anapowasalimia wenyeji. Siku alipokuja kwetu kuniposa aliigonga sebule nzima ya marehemu baba kabla hajakaa, akatangaza kwamba chini ya kabati kuna ubao ulioliwa na mchwa. Kabati likasogezwa, na mchwa wakaonekana. Baba akasema huyu kijana ama ni mwendawazimu ama ni fundi, na kwa kuwa mchwa wamempa ushahidi, basi ni fundi, apewe mke. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na bado sijaelewa kwa nini baba alidhani ni lazima kuchagua moja.

Mjini wanamwita Kisigino. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu ya mabinti zetu wawili ambao sasa wana nyumba zao na sakafu zao, ambazo bila shaka zimekwisha gongwa. Yeye ni fundi seremala. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya wasichana, na mpira wa kikapu nimeucheza tangu nina miaka kumi na miwili. Goti langu la kulia linaweza kutoa ushahidi. Yeye mpira haujui. Sisemi haujui sana, nasema haujui. Nimemweleza mara nyingi kwa nini kikapu kingine ni pointi mbili na kingine ni tatu, anaitikia vizuri kabisa, na mechi ijayo anauliza tena. Watu wote ukumbini wanatazama juu kwenye nyavu, yeye anatazama chini kwenye miguu. Mimi niko hewani nashangilia, yeye ananivuta kiganja ananinong'oneza kwamba ubao wa kumi na nne kutoka mlangoni umelegea.

Lakini ile sakafu ana haki nayo. Aliitandika yeye. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa fundi mmoja mkali, na ukumbi wa mji ulikuwa mpya. Waliweka boriti chini, mbao juu, wakapiga randa na vanishi mpaka ukawa unajiona uso. Ndiyo sakafu pekee ya mbao ya kuchezea katika mji wetu, na ndipo ilipozaliwa timu yetu, Nyundo.

Sasa nieleze Kaburi, maana bila Kaburi hakuna hadithi. Pale mstari wa kati unapokutana na mstari wa pembeni, upande wa meza ya waamuzi, palikuwa na mahali penye ukubwa wa mlango ambapo mpira ulikuwa ukifa. Kwingine ukidunda unakurudia kiunoni. Pale ulirudi gotini, ukiwa na bahati. Usipokuwa nayo, ulilala. Paa lilivuja miaka mitatu juu ya kona ile, na watu wote tulilaumu paa. Wachezaji wa Nyundo walijifunza kupakwepa kama unavyokwepa kiti kibovu nyumbani kwako, bila hata kufikiri. Wageni hawakujua. Tukawa tunawasukumia huko, mpira unafia mikononi mwao, tunauokota, tunakimbia kufunga. Sikatai, nilicheka sana miaka hiyo.

Mpaka Kaburi lilipomla mtu wetu. Mchezeshaji wetu, yule anayepandisha mpira na kugawa, anaitwa Sindano kwa sababu anapita pasipopitika. Miaka minne iliyopita, fainali ya mkoa, sekunde za mwisho, alibanwa akasahau, akadunda mara moja tu pale, na mpira ukalala. Mpinzani akauokota. Tukapoteza kikombe kwa pointi moja. Sindano alikaa chini palepale mpaka taa zikazimwa, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kona ile, hata akiwa anakwenda kunywa maji. Alizunguka. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi mwaka huu tukapata bahati ambayo mji mdogo kama wetu haupati mara mbili: Nyundo wakaingia Ligi ya Kanda. Timu kumi kutoka nchi za jirani, wachezaji wanalipwa mshahara, mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni. Sindano akaacha kibanda chake cha kutengeneza simu. Wanafunzi wangu wakaandika majina ya wachezaji kwenye vifuniko vya madaftari, na mimi badala ya kuwakemea nikawasahihisha herufi. Ila kulikuwa na sharti. Ligi ina mkaguzi wa viwanja, na sakafu isiyorudisha mpira sawasawa kila mahali haichezewi. Tukishindwa ukaguzi, mechi zetu zote za nyumbani zingehamia mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi.

Baba Pacha akapewa kazi ya kuikarabati. Jioni ileile Kocha akaja kwetu. Kocha wetu ni mtu mfupi mwenye sauti ya kuazima kwa mtu mrefu, lakini jioni hiyo alisema polepole. Alimwomba mume wangu atengeneze sakafu yote, isipokuwa Kaburi. Pale achomeke kabari tu, kipande cha mti cha kuinua mbao kwa siku moja, mkaguzi apite, halafu kabari itolewe.

"Fundi, wenzetu wana majitu yenye mita mbili na zaidi," alisema. "Sisi tuna Kaburi. Usitunyang'anye."

Mume wangu akauliza mkaguzi anakuja lini, akaambiwa baada ya wiki tatu, akasema sawa, aachiwe yeye. Kocha akamaliza chai yake kwa furaha. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani pembeni, na niliona mume wangu anavyogonga sakafu yetu chini ya meza, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikajua hapo hakuna sawa yoyote.

Jumapili mchana akaniomba nikamshikie taa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Akazing'oa mbao za Kaburi moja moja na kuzipanga kwa mfuatano, akanyoosha mkono chini, akapapasa. Nikamuuliza kuna nini, nyoka? Akaniambia nimulike. Boriti ya pale haikuwa mti mmoja. Ilikuwa vipande viwili vilivyoungwa kwa misumari miwili, na pale kwenye kiungo, chini ya uozo wa maji ya paa, alama ya penseli ilikuwa bado inaonekana: duara dogo lenye mstari katikati. Alama hiyo naijua. Iko chini ya kila kiti nyumbani kwangu.

"Ni mimi," alisema. "Sio paa. Paa lilimalizia tu."

Akanieleza huku hanitazami. Ilikuwa Jumamosi, mwalimu wake amekwenda kununua misumari, boriti ndefu zimekwisha, na yeye alikuwa na haraka. Alichukua vipande viwili akaunga, akafunika, akaondoka. Nikamuuliza haraka ya kwenda wapi. Akakuna kichwa. Alikuwa ameahidi kuja kumtazama msichana mmoja anacheza mpira wa kikapu saa kumi, na hakutaka kuchelewa.

Huyo msichana nilikuwa mimi. Kwa hiyo Kaburi lilichimbwa kwa ajili yangu, na mtu mwenyewe alipofika hakuelewa hata nani ameshinda.

Nilicheka hadi taa ikatikisika. Yeye hakucheka. Alisema Sindano alilia pale akidhani amekosea, na wala hakukosea. Nikaacha kucheka. Jumatatu alirudi na boriti moja ndefu ya mti mgumu, mti ambao nilikuwa naufahamu vizuri sana kwa sababu ulikuwa umelala darini kwetu miaka kumi ukisubiri kuwa kabati langu la nguo. Kila mwaka naahidiwa kabati. Nikalitazama kabati langu likishushwa chini ya mstari wa kati, likapigiliwa, likafunikwa. Akadundisha mpira pale mara mia mbili, namaanisha mia mbili, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Kila mara ulirudi kiunoni.

Mkaguzi akaja, mama mmoja mwembamba mwenye mpira, kamba ya kupimia na sura isiyotoa siri. Aliangusha mpira mahali arobaini. Alipofika Kaburini Kocha alikuwa anajipangusa jasho kwa karatasi ya ratiba. Mpira ukashuka, ukapanda, ukatulia mkononi mwa mama. Akaandika, akasogea. Kocha akamkonyeza mume wangu kwa jicho zima. Kesho yake akamuuliza kama ameshatoa kabari, na mume wangu, mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata kuhusu ladha ya chakula changu, akasema ameitoa.

Nyumbani alikuwa hana raha. Alitaka arudi akamwambie ukweli. Mimi ndiye niliyemzuia, lazima nikiri. Nilimwambia ligi inaanza Ijumaa, akivunja mioyo ya vijana sasa tutafungwa hadi na watoto wa chekechea. Anyamaze tu, msimu ukiisha tutaona. Yeye mambo ya mpira ananiachia mimi. Akanyamaza.

Na niwaambie ukweli, ule uongo ulifanya kazi kuliko lile Kaburi lenyewe. Habari za Kaburi zilikuwa zimesambaa kanda nzima. Wageni walifika wakilitafuta kwa macho. Nyundo wakawa wanawasukumia kule kule kwa mazoea, na mgeni akishaona anakaribia mstari wa kati upande wa meza, anaudaka mpira kwa mikono miwili mapema, hathubutu kudunda, na akishaushika amekwisha: sheria haimruhusu kudunda tena, vijana wetu wawili wanamvamia, anatupa pasi ya hovyo, tunauchukua. Mechi nane za nyumbani, tukashinda saba. Mahali pazima kabisa, imara kuliko sehemu zote za ukumbi, watu wakiogopa kupagusa. Na hakuna aliyegundua, kwa kuwa ligi haikuruhusu mazoezi juu ya sakafu ile zaidi ya saa moja kabla ya mechi. Vijana walifanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji nje, na hata huko, mtaniamini, walikuwa wakikwepa mahali ambapo Kaburi lingekuwa.

Mume wangu naye alipewa kazi mpya na ligi: mhudumu wa uwanja. Fulana ya rangi ya machungwa, kitambulisho shingoni, kigoda kidogo kando ya meza ya waamuzi, na fagio la kitambaa la kupangusia jasho la wachezaji muda wa mapumziko. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile. Analipwa kutazama sakafu.

Tukafika mechi ya mwisho. Nyundo na Mwewe, nyumbani kwetu, Jumamosi saa tisa alasiri. Atakayeshinda anachukua nafasi ya nne na kwenda Nne Bora, kugombea ubingwa wa kanda. Atakayeshindwa msimu wake umekwisha. Mjini hakukuwa na duka lililofunguliwa. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, na mteja mwenyewe nilimwona jukwaani, nusu ya kichwa hivyohivyo, anashangilia. Mimi nilikaa safu ya mbele, nyuma kabisa ya kigoda cha mume wangu, filimbi yangu ya shule mfukoni ili nisije nikasahau nikaipuliza.

Nusu ya kwanza tuliwachezesha ngoma. Sindano alikuwa anapita katikati ya watu wawili kana kwamba hawapo, tukaenda mapumziko tukiongoza kwa pointi kumi na mbili. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga safari ya Nne Bora kichwani mwangu, nguo gani, basi gani.

Robo ya tatu ikaja. Mpandishaji mpira wa Mwewe alikuwa jamaa mfupi mwenye kitambaa cha njano kichwani. Vijana wetu wawili wakambana, wakamsogeza, wakamsogeza, mpaka Kaburini. Halafu wakafanya kosa ambalo wachezaji wa Nyundo peke yao duniani wangeweza kulifanya: walirudi nyuma nusu hatua, mikono wazi, wakausubiri mpira ufe. Yule wa Kitambaa alikuwa hana pa kutupa pasi. Akafumba jicho moja, akadunda.

Mpira ukarudi kiunoni.

Akautazama mpira. Akaitazama sakafu. Akacheka, nakuapia alicheka, akawapita wale wawili waliokuwa wamesimama kama wanasubiri kupigwa picha, akaenda kufunga. Mpandisho uliofuata alikwenda pale mwenyewe bila kusukumwa, akadunda mara tatu kama anabisha hodi, akapita tena. Baada ya hapo Kaburi likawa barabara ya Mwewe. Upande ule sisi hatukuwa na mlinzi. Miaka yote mlinzi wetu alikuwa Kaburi.

Na ubaya haukuishia hapo. Mwewe si wajinga. Wakaona kwamba Nyundo wao hawapiti pale hata kwa kubahatisha. Kila tukipandisha mpira, Sindano anakwenda upande wa pili. Basi wakaweka walinzi wawili upande wa pili, wakamsubiri. Akapokonywa mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikaacha kuhesabu. Vijana wetu waliona kwa macho yao mpira wa Mwewe ukirudi juu pale, lakini miguu yao ilikataa kuamini macho. Pointi kumi na mbili zikawa saba, zikawa tatu.

Nikainama nikamsemesha mume wangu sikioni. Nikamwambia awaambie. Hakugeuka. Alisema mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nikasema nilikosea. Hilo neno nalitoa mara moja kila miaka kumi, nikadhani litamnyanyua kwenye kigoda, lakini alibaki anakisugua kitambulisho chake. Alikuwa anaogopa. Ataitwa mwongo mbele ya mji mzima, na fundi akishaitwa mwongo, nani atampa mlango wake autengeneze?

"Mficha uchi hazai, Baba Pacha," nikamwambia.

"Watoto ninao wawili," akajibu.

Sikujua nicheke au nimpige na filimbi.

Sekunde kumi na moja zilibaki. Mwewe wakafunga mtupo mmoja wa adhabu: sabini na nane kwa sabini na saba. Kwa mara ya kwanza tangu mechi ianze, walikuwa mbele. Kocha akaomba muda. Dakika moja, mpira wetu. Wachezaji wakajikusanya kwenye benchi vichwa chini, na Sindano alikuwa amejifunika taulo usoni. Mume wangu akasimama na fagio lake. Nilidhani anakwenda kupangusa jasho. Alikwenda benchi.

Mimi niko hatua tatu, nilisikia kila kitu. Kocha alimwambia sio sasa. Mume wangu akasema ni sasa. Akasema Kaburi halipo, alilifukia kabla ya ligi kuanza, ameweka boriti nzima, na siku ile alipoulizwa kuhusu kabari alidanganya. Uso wa Kocha sitausahau. Alifungua mdomo na ile sauti kubwa haikutoka. Msimu mzima alikuwa amempanga Kaburi kama mchezaji wa sita, kumbe mchezaji alishastaafu.

Sindano akashusha taulo.

"Mzee, mimi niliuona mpira unafia pale," alisema. "Mkononi mwangu."

"Ulifia kwa sababu yangu," mume wangu akasema. "Nilikuwa kijana, nikaunga boriti vipande viwili kwa haraka, nikafunika. Ule mpira haukuwa kosa lako, mwanangu. Ulikuwa kosa langu. Miaka minne umebeba mzigo wangu."

Hakungoja jibu. Akatembea na fagio lake hadi mstari wa kati, upande wa meza, akapapangusa vizuri kama ni meza ya kulia chakula. Kisha akasimama katikati ya Kaburi, akainua mguu, akagonga kwa kisigino. Mara tatu. Ukumbi ulikuwa kimya, na sauti ile ilisikika hadi kwa yule mwenye nusu ya kichwa. Haikuwa sauti ya uwazi. Ilikuwa nzito, imeshiba, sauti ya kabati langu. Miaka thelathini na moja nimemwona akigonga na kuinamisha kichwa kusikiliza. Safari hii hakuinamisha. Alimtazama Sindano tu.

Machozi yalinitoka, siyo siri. Filimbi ililia, refa akaniangalia vibaya, ndipo nikagundua nimeipuliza mimi. Nikaomba msamaha kwa mikono miwili.

Sasa hapa nieleze kama mwalimu. Dakika za mwisho, timu iliyoomba muda inaruhusiwa kuanzia mpira upande wa mbele, karibu na kikapu. Kila mtu huchagua mbele. Kocha akachagua nyuma. Wenye kujua mpira jukwaani wakashika vichwa, wakasema mtu huyu amechanganyikiwa. Mimi nilishika kiti cha jirani yangu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa: mpira ukianzia nyuma, Sindano lazima avuke mstari wa kati. Mwewe wakafanya kama kawaida: walinzi wawili upande wa pili, kumsubiri Sindano ajilete.

Mpira ukaingia. Sindano akaudaka, sekunde kumi na moja, kumi. Akaanza kwenda upande wa pili kama siku zote, tisa, wale wawili wakajikunja kumpokea, nane, na hapo akageuka. Akakata uwanja mzima kwa mshazari kuja upande wetu, upande wa meza, mpira unadunda, saba, nikamwona uso, alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka umekuwa mweupe. Hatua moja kabla ya Kaburi miguu yake ikasita. Niliona. Nusu ya nusu ya sekunde, mwili wote ukitaka kuzunguka. Kitambaa alikuwa anamjia mbio. Sita. Sindano akadunda katikati ya Kaburi kwa nguvu zake zote, na kabati langu likamrudishia mpira mkononi.

Akapita! Kitambaa alibaki anakumbatia hewa. Tano, nne, jitu moja la Mwewe likatoka kulinda kikapu, mikono kama milango miwili, tatu, Sindano akapanda hewani, jitu likapanda naye, akaushusha mpira chini ya kwapa la jitu, akautoa upande wa pili, mbili, akausukumia kwenye ubao wa kikapu kwa ncha za vidole. Mpira ukazunguka chuma. Ukazunguka tena. Ukaingia.

Sabini na tisa kwa sabini na nane.

Sijui sekunde ile ya mwisho Mwewe waliifanyia nini, maana nilikuwa nimemkumbatia mtu nisiyemjua na wote wawili tunaruka juu ya goti langu bovu. Kinyozi alikuwa analia juu ya ile nusu ya kichwa isiyonyolewa. Sindano alikuwa amelala chali palepale mstari wa kati, mikono ameinyoosha, na wenzake wakawa wanamrundikia miili yao juu, na mimi mwalimu mtu mzima nikapuliza filimbi mpaka kokwa yake ya ndani ikakwama.

Watu walipoanza kuondoka uwanjani nikashuka kumtafuta mume wangu. Alikuwa amepiga magoti Kaburini, kiganja chake juu ya mbao, kama mtu anayempima mtoto homa. Kocha akafika kabla yangu. Akasimama juu yake.

"Miezi mitano ulinidanganya, Fundi," alisema.

"Ndiyo," mume wangu akasema.

Kocha akainua mguu wake mfupi, akagonga pale kwa kisigino, mara tatu, akainamisha kichwa, akasikiliza. Akampa mkono kumnyanyua, akaenda zake kwa wachezaji. Nikamsogelea mume wangu. Sauti ilikuwa imenikauka kwa kupiga kelele, ikabidi nimwongelee karibu kabisa na uso.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Umerudi mpaka kiunoni. Mtu anakuja na mbio zile, anadunda na nguvu zile, na umerudi mpaka kiunoni."

"Nakuuliza kikapu, Baba Pacha."

Akageuka polepole, akatazama kule kwenye nyavu, akatazama watu wanaorukaruka, akanirudia mimi.

"Kwani kiliingia?"